Mnusa Vinywa wa Shule za Misheni

Wenceslaus ni mtoto wa mama yangu mdogo. Nimemfuta kamasi kwa khanga yangu, sasa nimwogope kwa lipi? Ualimu ulimshinda, ukarani wa stesheni ya Igalula ukamshinda, mwishowe mapadri wakamwonea huruma. Mwaka 1954 wakampa baiskeli na cheo: Msimamizi wa Kiasi, azunguke shule zao kutoka Kwihara hadi Urambo akiwaepusha watoto na pombe na bangi.

Kazi yenyewe nzuri, sikatai. Bangi ilishatuharibia vijana. Lakini kufundisha hajui, basi kazi yote akaigeuza kunusa! Jumatatu asubuhi watoto wanapanga mstari, yeye anapita na pua lake: "Achama!" Lo! Mtu mzima na suruali ya kaki, ananusa vinywa vya watoto wa watu kama mbwa jikoni.

Baba yangu, mzee Lugembe, alipofariki, tulikuwa tunamlea Masele, mtoto wa marehemu kaka yangu. Alikuwa darasa la nane, mtihani uko mlangoni, na walimu wote walisema huyu atafika sekondari. Katika ukoo wetu, mjukuu wa kwanza hupiga funda la pombe ya mtama na kulitema juu ya kaburi la babu yake. Hulitema, halimezi. Masele alifanya hivyo alfajiri ya Jumatatu, kisha akakimbilia shule, hakutaka kukosa hata somo moja. Na aliyemshikia kibuyu ni Wenceslaus, kwa mikono yake miwili.

Siku hiyo shuleni palikuwa na mgeni, Mzungu wa bomani, amekuja kuona kazi ya Bwana Msimamizi. Vinywa vyote alivyotangulia kunusa vilikuwa safi. Bwana Msimamizi atamwonyesha nini mgeni? Akafika kwa Masele, akanusa, akamtoa mstarini mbele ya shule nzima. Mchana mtoto alirudi nyumbani amefukuzwa.

Nilimfuata Wenceslaus mpaka kwake.

"Shikamoo, dada."

Sikumwitikia. "Wewe si ndiye uliyemshikia kibuyu?"

"Kule nilikuwa ndugu, dada. Shuleni nilikuwa kazini."

"Basi nenda kawaambie hakunywa!"

"Mgeni ameshanisifu. Nitaanzia wapi?"

Mshenzi! Hata aibu hana.

Mtihani ukapita bila Masele. Akaenda Urambo kukata tumbaku ya watu. Mwaka uliofuata, jioni moja, binti yangu Bernadeta alirudi kutoka shule ya wasichana ana maneno mdomoni.

"Mama, kumbe kaka Masele alikuwa mlevi? Bwana Wenceslaus katuambia leo, tusije tukawa kama yeye. Anasema kila shule anakopita anawasimulia."

Masele alikuwa amekuja kututazama siku hiyo. Alikuwa amekaa palepale mkekani, ananawa mikono ale. Alimaliza kunawa, akainuka, akatoka nje. Hakula.