Jini Mtwangaji wa Bweni Letu

Jamani, kisa hiki hata mke wangu sijamsimulia chote, na ninyi mkicheka chekeni kwa adabu, maana siku ile mimi, mwenyekiti wa bweni, mtu mzima na ndevu zangu, nilimkimbia jini niliyemtunga mwenyewe.

Chuo chetu pale Lindi kilikuwa na bweni moja la wanaume, kongwe hasa (wageni nilikuwa nawaambia lilijengwa kabla ya bahari), na sisi wa masomo ya jioni mchana tulishinda humo tu. Mwenzangu wa chumba, Saidi, kwao kisiwani Songo Mnara, kila akienda nyumbani alirudi na pweza, na pweza asipopigwa gongo la kutosha utamtafuna mpaka mahafali. Basi Saidi anampigia sakafuni, pu! pu! pu!, bweni zima linatikisika. Mimi wa Mitole, mtoto wa mihogo na mbaazi, pweza nilimjulia humo humo, na nilipomjua nikawa nalamba hadi sufuria. Tatizo, kupika chumbani ilikuwa marufuku, ukikamatwa unafukuzwa bwenini.

Siku moja matroni wetu, Mama Neema, mtu wa Dodoma ambaye pweza alimwona kwenye kalenda tu, akanidaka ngazini.

"Mwenyekiti, hizo kelele za juu ni za nini?"

Ningesema tunagonga kitanda, yangeisha. Lakini mdomo wangu huu!

"Shikamoo Mama. Huyo ni jini. Anatwanga. Yupo tangu enzi za masultani."

Hata marahaba aliisahau, akashuka ngazi mbio.

Wiki mbili hazikupita, historia ya bweni ikawa kubwa kuliko bweni lenyewe. Jini akapata wake wanne, mchi wa dhahabu, na sifa ya kumzaba kofi mwanafunzi wa sheria (hilo kofi nililiongeza nikiwa nimeshiba). Wanafunzi wapya wakawa wanalala watatu kitanda kimoja, wazazi wakapiga simu, mwishowe uongozi ukatangaza kwamba ataitwa shehe na ataitwa padri, wataomba, na jini akisikika tena baada ya hapo bweni linafungwa, kila mtu akapange mtaani. Tukapange na nini, wakati wengine hata godoro lilikuwa la chuo?

Mimi nikatulia. Saidi yuko kwao tangu kabla ya tangazo, harudi mpaka Jumatatu. Jumamosi wataomba, kutakuwa kimya, jini atakuwa ameondoka kwa heshima zake.

Jumamosi asubuhi uwanja ukajaa, shehe mbele, padri pembeni, nami katika koti la kuazima nikapewa nafasi ya kusimulia historia. Nikaisimulia! Nimefika pale jini anapokunja mikono ya kanzu, mara juu, chumbani kwetu, mlango niliofunga mwenyewe na ufunguo ninao mfukoni: pu! pu! pu!

Wallahi sikumuwaza Saidi wala ufunguo wake. Niliwawaza wale wake wanne. Niliruka meza, nikampita padri, nikakanyaga sufuria la uji wa wageni, nikaenda kunasa kwenye kamba ya nguo, shuka limenifunika gubigubi, napiga kelele, "Nisamehe, nilikuwa natania!" Na watu walipoona mjuzi wa jini anakimbia, wao wabaki kufanya nini?

Akabaki shehe peke yake, mzee wa Kilwa, katega sikio.

"Huyo jini," akasema taratibu, "anapiga pweza. Tena anampiga vibaya."

Saidi akachungulia dirishani, gongo mkononi. "Mwenyekiti! Nimewahi kurudi! Njoo basi umshike miguu!"

Mama Neema akarudi, akanifunua shuka. "Kumbe jini ni wewe."

Bweni halikufungwa, shehe alituombea msamaha huku anacheka mpaka anafuta machozi. Hukumu yangu ikawa hivi: likawekwa jiwe nyuma ya jiko la chuo, na kila pweza anayeingia chuoni nimpige mimi, mchana kweupe, mpaka nihitimu.

Nikahitimu. Jina langu liliposomwa, bweni zima likaacha kupiga makofi, likapiga miguu sakafuni, pu! pu! pu!, na mama yangu aliyetoka Mitole na khanga mpya akaniuliza, "Mwanangu, hawa wenzako wana ugomvi na wewe?"

Tangu hapo nimeapa: nikiulizwa kelele ni ya nini, hata ikiwa radi, nasema ni mimi.