Kompyuta ya Mkwe Haingurumi

Mama yangu, Bi Mal-sun, tunayeishi naye, ameshona mablanketi katika soko la Seomun, hapa Daegu, Korea Kusini, tangu usichana wake, na kwake yeye kazi ni kelele. Cherehani ikinyamaza, hakuna kula. Basi mume wangu Gi-tae, mchoraji wa ramani za lifti, alipoanza kufanyia kazi nyumbani, mama alimpenda kwa sababu moja tu: feni ya kompyuta yake ilinguruma kama mashine ya kusaga.

"Msikieni mkwe wangu," aliwaambia majirani, "anavyochapa kazi!"

Siku nyingine ilinguruma anacheza karata humo, lakini mimi niliufyata ulimi.

Mwaka huu kampuni ikawabadilishia wote kompyuta. Hizi mpya zina kichakataji, yaani ubongo wa kompyuta, cha aina nyingine, ndugu yake kile cha kwenye simu: hakichemki, wala hakitaki feni. Gi-tae akafurahi kama mtoto. Nyumba ikanyamaza kimya.

Mama akaanza kunitazama kwa huruma. Jumanne, wala si sikukuu, akampikia mkwe kuku mzima.

"Kula, mwanangu. Mwanamume hapimwi kwa mshahara."

"Mama, kazi ninayo!"

"Ndiyo, ndiyo. Kula paja."

Kesho yake Gi-tae yuko kikaoni kwa video, mama huyo akaingia, akainama mbele ya kamera mpaka paji la uso likagonga meza. "Mheshimiwa, mrudishie mkwe wangu kazi! Hata hanywi sana!"

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mkuu wao akacheka: "Mama, hajafukuzwa. Kompyuta mpya haina feni, ndiyo maana humsikii."

Mama hakucheka. Aliketi sakafuni palepale, akanigeukia.

"Baba yako, mwaka ule watu walipofukuzwa kazi ovyo, alifunga tai kila asubuhi, nami namfungashia chakula. Kumbe naye kafukuzwa, anashinda bustanini. Miezi! Mimi niko na cherehani yangu, sikusikia kitu."

Hilo sikuwahi kuambiwa. Nikalia, tena mbele ya wakubwa wa lifti.

Siku hizi Gi-tae anafanya kazi mlango wazi, akigombana na michoro yake kwa sauti: "We lifti, unakwenda wapi? Rudi hapa, mshenzi we!" Mama akimsikia anazima televisheni, analala usingizi wa mchana. Tangu nizaliwe sikuwahi kumwona akilala mchana.