Mlango wa Chovae

Wenzangu mliokulia Kismayu kabla ya vita, hebu semeni kweli: nani kati yenu hakuogopa siku ya kuzuru? Siku hizi vijana wanaiita safari ya siku moja. Wanapanga kwenye simu, wanashona fulana za rangi moja, na wakirudi wana picha mia za meno yao. Sisi tulikwenda mara moja kwa mwaka, baada ya Idi. Tulitoka Kismayu baada ya sala ya alfajiri kwa mashua ya mashine, tukazuru magofu ya wazee wetu kisiwani Chovae, na magharibi tulikuwa tumesharudi nyumbani. Kwangu mimi ile siku moja ilianza siku tatu kabla. Chakula changu nilimpa paka, na Mama, akidhani nina homa, alinisugua kifua kwa mafuta ya nazi.

Si kwamba hapakuwa na raha, la. Mama alikaanga sambusa za samaki alfajiri mbichi, akazifunga kwa kitambaa pamoja na mkate wa mofa, na ndizi mbivu tele, maana Kismayu mtu hali wali wala basta, yaani tambi, bila ndizi. Watoto tulicheza mdako kwenye ubao wa mashua, vijiwe vikianguka majini tunalaumiana. Mikono ilinuka petroli na samaki, na sambusa tulizila hivyo hivyo. Watoto wa leo wangedai kwanza maji ya chupa na karatasi ya kufutia vidole. Lakini kisiwa kikionekana tu, mimi nilitafuta ushungi wa Nyanya nikaushika.

Nyanya yangu mzaa baba, Mwanamize, ndiye aliyekuwa kiongozi wa safari hizo. Mwanamke mfupi, mkali, ambaye hata nahodha alimwomba ruhusa ya kuvuta sigara. Alitupeleka moja kwa moja kwenye msikiti wa kale. Nasema msikiti, lakini kilichobaki kilikuwa kipande cha kibla chenye matundu zilimokuwa zimepachikwa sahani za kichina, na mlango. Mlango umesimama peke yake, kuta za kushoto na kulia zimelala chini, majani yameota juu yake. Nyuma yake ndiko yaliko makaburi ya nguzo. Ungeweza kabisa kupita pembeni, ng'ombe angepita. Ole wako upite pembeni! Nyanya alikuwa na fimbo ya mkoko kwa kazi hiyo. "Mlango ni mlango," alisema. "Nyumba kuanguka si ruhusa ya kuingia bila hodi."

Basi yeye alitangulia kuingia, na akishaingia aligeuka akawa mwenyeji. Sisi tulipiga foleni nje, mmoja mmoja. Unasema hodi. Kutoka ndani Nyanya anauliza, "Ni nani?" Na wallahi sauti ile haikuwa yake. Ilikuwa nzito, ya mtu aliyeamshwa. Hapo sharti ujibu kwa Kibajuni chetu: "Ni mchu wa hapa." Usiseme mtu, sema mchu. Kisha unataja jina lako, la baba yako, la babu yako, mpaka watano. Ukimaliza bila kukosea unaambiwa, "Karibu, ingia," na wenyewe waliolala mle wameshakujua. Ukikosea, unabaki nje mpaka mwaka mwingine. "Asiyejulikana mlangoni haitwi tena," Nyanya alituambia, "na asiyeitwa hafiki." Watu wazima walilitamka hilo huku wanatafuna sambusa. Mimi nililimeza likakaa tumboni.

Sasa sikieni tatizo langu. Kismayu kwetu tulisema Kibajuni ndani ya nyumba tu. Nje ilikuwa Kisomali: shuleni, sokoni, kwa muuza barafu. Ukisema mchu barabarani, watoto wenzio wanakufuata wakiimba, "Mchu! Mchu!" na wakubwa wao wanakutazama kwa namna ambayo hata mtoto anaielewa. Mama alikuwa mwoga, na alikuwa na haki yake. Sisi hatukuwa na watu wa kutusimamia pale mjini. Kila asubuhi nikitoka kwenda shule alinisimamisha kizingitini. "Hilo neno mchu liache hapa na kandambili zako. Ukirudi utalikuta." Nikaliacha. Nililiacha kila siku mpaka ulimi ukazoea, mtu akiniuliza jambo nje ya nyumba, jibu linatoka kwa Kisomali kabla sijafikiri.

Mwaka niliotimiza miaka tisa ndio mwaka wangu wa kwanza kupiga hodi peke yangu, bila kushikwa mkono na Mama. Majina yangu matano nilikuwa nayo sawasawa, nimeyakariri chooni, nimeyakariri kwenye foleni ya maji. Nikasimama mbele ya ule mlango. Mjusi mkubwa alikuwa amejibanza juu ya jiwe ananitazama. Nikapiga hodi. "Ni nani?" ikatoka ile sauti. Na mdomo wangu, Mungu ausamehe, ukasema, "Waa aniga." Yaani, ni mimi, kwa Kisomali, kama ninavyomjibu mwalimu.

Mashua nzima ilicheka. Mama alicheka huku amejifunika uso. Nyanya hakucheka. Alitoka, akanishika kidevu, na kwa sauti yake mwenyewe ya kila siku akasema, "Mwacha asili ni mtumwa, mwanangu." Basi. Wenzangu wakaingia, nikawasikia upande wa pili wakisoma Fatiha, wakigawana halwa. Mimi nilikaa nje na viatu vyao. Nililia mpaka kwikwi. Wakati wa kurudi nilimshika Nyanya miguu nikamwambia anirudishe nikapige hodi upya. Akaniambia jua linashuka, nisubiri, Idi ijayo nitakuwa wa kwanza. Nikaanza kuhesabu.

Idi hiyo haikufika. Vita viliingia Kismayu, na vilipoingia, kila njia panda iliota mtu mwenye bunduki, na swali lake lilikuwa lile lile la Chovae: nyinyi ni akina nani? Asubuhi tuliyokimbia tulikuwa watatu, Nyanya, Mama na mimi. Baba alikuwa ametangulia ufukweni kutafuta chombo. Kabla ya kufika tukasimamishwa na kijana mwenye macho mekundu, akatuuliza kwa Kisomali. Mama alijiziba mdomo kwa kanga. Nyanya alikuwa anatikisa midomo, na nikajua kabisa neno linalokuja. Nikamwahi. Nikasema kwa Kisomali changu safi cha shule kwamba tunakwenda kununua samaki, na Mama anaumwa na meno. Yule kijana akanitazama, akatazama ushungi wa Nyanya, akasema piteni. Nilikojoa nikiwa natembea, na sikuona haya.

Tulifika Mombasa kwa chombo alichokipata Baba, tukakaa kambini, baadaye tukapanga chumba. Nyanya hakuishi sana. Siku zake za mwisho nilitaka kumwuliza: kile Kisomali kilichonifungia mlango si ndicho kilichotupitisha njiani? Nikaogopa kumwuliza, akafa na jibu lake. Yakabaki maneno yake, asiyeitwa hafiki. Mnicheke mkitaka. Mimi ni mama mtu mzima, nina miwani, nina sukari, lakini kila mara mipango ya kwenda kwetu ilipovunjika, mara nauli, mara vita vimerudi, mara karatasi, nilikuwa nasema moyoni: si vita. Ni ule mlango. Hawanijui.

Mwaka jana binti yangu Nuru akaolewa na kijana wa Kismayu, wakahamia huko. Mji wenyewe sasa una bajaji hata pa kuvukia barabara hakuna, na ndio makao makuu ya serikali yao ya Jubaland, kwa hiyo vijana wa ofisini wakipata siku ya mapumziko hutafuta pa kwenda. Wiki tatu zilizopita Nuru akanitumia ujumbe: kesho tunakwenda Chovae na kurudi, tuko kumi. Nikampigia hapo hapo. "Usiende. Huko pwani nzima kuna watu wa bunduki, unajua?" Akacheka. "Mama, nawe! Wenyeji wanapita kila siku." Nikamwambia hao ni wenyeji. Akasema, "Kwani mimi ni nani?"

Kesho yake sikula. Saa tano simu ikalia, ya picha. Nikamwona Nuru na miwani yake ya jua, na nyuma yake, yarabi, ule mlango. Mfupi kuliko nilivyoukumbuka, jiwe la juu limepasuka, lakini umesimama. Wenzake walikuwa wameshapita pembeni, wanapanda juu ya makaburi wajipige picha. Naye alikuwa ameinua mguu awafuate. Nikapiga ukelele hata jirani akagonga ukuta. "Nuru! Pita mlangoni! Piga hodi!"

"Mlango gani, Mama, na ukuta wenyewe haupo?"

Hapo nikasikia mtu mwingine. Bibi mmoja wa kisiwani, aliyewaongoza kutoka ufukweni, alikuwa amesimama ndani ya mlango, mkononi ana kikapu cha chaza. Akamwuliza Nuru anazungumza na nani. Nuru akamgeuzia simu. Yule bibi akaniangalia, hakunisalimu, hakutabasamu. Akauliza, "Ni nani?"

Sauti ile ile. Nawaapia, ile ile. Nikasimama, sijui kwa nini, nikasimama katikati ya chumba changu Mombasa na kanga ya nyumbani. Ulimi ukataka kukimbilia kule ulikozoea. Nikaung'ata. "Hodi," nikasema. "Ni mchu wa hapa. Mwanaesha wa Athmani wa Shee..." Nilipofika jina la tano picha ikaganda, kisha simu ikakatika.

Nilipiga mara ishirini. Nilikaa na simu mapajani mpaka adhuhuri, mpaka alasiri, namhofia mtoto, naogopa bahari, naogopa lile jina la tano halikufika. Magharibi ndipo Nuru akaniandikia kwamba wamefika Kismayu salama. Nikamwuliza, uliingia vipi? Akaandika: "Mlangoni, Mama. Bibi aliniuliza ni nani, nikamwambia mimi ni mwana wa yule mchu wa simuni. Akasema karibu." Chini yake akaongeza: "Na wewe amesema wamekusikia, majina yote. Amesema, naaye mwenyewe."

Naaye mwenyewe. Aje mwenyewe. Enzi zetu mtoto alifundishwa kuogopa asiitwe, na mimi niliogopa hilo maisha yangu yote. Leo watoto wanacheka, wanapita, wanarudi na picha zao, na mimi ndiye niliyeitwa. Ile hofu ya kale imenitoka. Hii mpya, ya kwenda, sijui niiweke wapi. Begi nimelishusha kutoka juu ya kabati, liko kitandani, na tangu juzi nalizunguka tu.