Mwaka Mama Alipopaka Nyumba Bluu

Sisi tuliokulia Kariakoo ya nyumba za chini, kabla maghorofa hayajatuzibia jua, tulijua kwamba ukuta hupakwa rangi. Rangi yenyewe, inayoonekana. Siyo hii ya kijivu wanayopaka vijana siku hizi. Kwetu kijivu ilikuwa rangi ya jivu, na jivu tulilizoa jikoni asubuhi tukalimwaga jalalani. Leo mtu anamwita dizaina, wanakaa siku nzima wakichagua jivu lipi lipakwe sebuleni na lipi chumbani, kisha anapiga picha anairusha mtandaoni ili wenzake, nao wanaoishi ndani ya jivu, wamsifu.

Idd ikikaribia, mtaa wetu wote ulinuka chokaa. Iliroweshwa kwenye pipa uani, ikachemka yenyewe bila moto, na sisi watoto tukafukuzwa tusisogee isije kuturukia machoni. Ikipoa inatiwa chumvi kidogo ishike, halafu inatiwa bluu, ile ile ya kufulia iliyong'arisha kanzu na mashuka. Kila nyumba ilikuwa na mkono wake. Wengine walitia bluu kidogo, ukuta ukawa kama maji yaliyooshewa vyombo. Wengine walimwaga bila huruma. Milango ilipakwa rangi ya mafuta, kijani cha mchicha au njano ya ndizi mbivu, na hakuna aliyeuliza kama rangi zinaendana. Zilikaa pamoja kama tulivyokaa sisi na wapangaji wetu, na mambo yakaenda.

Mwaka ninaoukumbuka zaidi ni ule aliofariki baba yangu. Nilikuwa darasa la tano, mdogo wangu Hamisi bado anajifunza kusoma. Kwa miezi mingi nyumba haikuguswa. Lipu ya mbele ilibanduka, ukuta ukaota ukungu, na wapangaji wakaanza kutazamana. Mama alipotoka eda, Shangazi Mwanaidi, dada yake baba, alikuja akakaa kwenye jamvi na kueleza alichokwisha kuamua.

"Wifi, nyumba hii imekushinda," alisema. "Itazame. Mtu akipita anajua humu kuna msiba. Wewe rudi kwenu Mafia ukapumzike. Nyumba tutaipangisha yote, na watoto tutawagawana. Zuhura nitakaa naye mimi, Hamisi aende kwa kaka."

Zuhura ni mimi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai, nikasikia ninavyogawiwa kama kitenge.

Mama hakubishana. Aliuliza tu, "Kaka mkubwa anasemaje?"

"Kaka atakuja Idd pili, tulimalize."

Shangazi alipoondoka, Mama alikusanya vikombe akaviosha. Kesho yake akaenda sokoni, akarudi na mchukuzi kabeba magunia ya chokaa, na ndani ya kikapu bluu nyingi kiasi cha kufulia nguo za mtaa mzima. Hakuita fundi. Alijifunga kanga mbili, akaazima ngazi kwa jirani, akapanda mwenyewe. Mimi nilikoroga, Hamisi alishika ngazi akilalamika kuwa rangi inamdondokea kichwani. Wanawake waliopita walisimama kutazama mjane yuko juu ya ngazi. Mmoja akamwambia, "Mama Zuhura, rangi hiyo si imezidi?" Mama akamjibu bila kugeuka, "Bado, mwenzangu. Hapa ndiyo kwanza naanza."

Akapaka mbele, akapaka ukumbi, akapaka sebule. Bluu iliyokolea, ya kukuita kutoka mbali. Milango yote akaipaka njano. Alipomaliza, mikono ilikuwa imebabuka kwa chokaa, akaipaka mafuta ya nazi na kuanza kuchambua mchele wa Idd.

Mpangaji wetu mmoja, aliyekuwa amefunga virago kwenda Magomeni, alivifungua. Alisema hawezi kuhama nyumba inapoanza kupendeza.

Idd pili wakaja. Shangazi Mwanaidi alisimama nje, mkono kiunoni.

"Hii ni nyumba ya mjane au baa?"

"Ni nyumba ya watoto wa kaka yako, wifi," Mama akamjibu. "Pita ndani, pilau inapoa."

Baba Mkubwa, ndiye huyo kaka, alikuwa mtu wa maneno machache, amevaa kanzu mpya nyeupe. Aliingia, akaketi kwenye jamvi, akaegemea ukuta. Shangazi naye akaegemea. Wakala, wakazungumza, wapangaji wakawa wanapita kutoa mkono wa Idd, na kila aliyeingia alimsalimu Mama kwanza, kama anavyosalimiwa mwenye nyumba. Lile suala la kutugawa likawa linazunguka zunguka tu, hakuna wa kulianzisha. Mwishowe Shangazi akalianzisha. Baba Mkubwa alimsikiliza, akatazama ukuta, akatazama dari, akasema:

"Mwanaidi, mimi naona mwenye nyumba yupo. Watoto wakae na mama yao."

Basi, yakaisha. Waliposimama kuaga ndipo tulipoona migongo yao. Chokaa ilikuwa haijakauka sawasawa. Kanzu ya Baba Mkubwa ilikuwa bluu kuanzia mabegani hadi kiunoni, na buibui la Shangazi vivyo hivyo. Wakatembea hivyo barabara ya Msimbazi nzima, na kila aliyewaona akajua wametoka kwa nani. Mama alicheka siku ile mpaka akakaa chini. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu baba afariki.

Tulikulia humo wote wawili. Mama alipoondoka duniani, ndugu tulikubaliana nyumba iuzwe, na leo pale pamesimama ghorofa la maduka. Mimi naishi Magomeni. Hamisi naye hayupo tena, lakini ameacha mtoto, Sabri, kijana msomi, amenunua nyumba ghorofani Upanga. Mara ya kwanza kunipeleka, nilidhani mafundi hawajamaliza kazi. Kuta za kijivu, makochi ya kijivu, zulia la kijivu, hata paka amemtafuta wa kijivu.

"Rangi utapaka lini?" nikamuuliza.

"Shangazi, ndiyo imepakwa. Siku hizi watu hawapendi rangi za kupiga kelele. Nyumba inatakiwa itulie."

Itulie, ilikuwa inakimbilia wapi? Nikamsifia paka, ni mwenyeji wangu.

Mwezi uliopita nikaenda mwenyewe. Lifti ikanishusha, nikabisha kwenye mlango wa kijivu, binti wa kazi akafungua, "Shikamoo mama, karibu." Marahaba. Nikaingia, nikaketi kwenye kochi la kijivu, nikavua viatu, nikaletewa juisi ya ukwaju. Nikajua Sabri kabadilisha msichana wa kazi. Nimefika nusu ya glasi, akatoka chumbani mwanamke nisiyemjua, na taulo kichwani. Akanitazama. Nikamtazama.

"Mama ndiye shangazi yake mume wangu Fuad, wa Tanga?" akauliza kwa adabu.

Nilikuwa ghorofa ya tatu. Sabri anakaa ya nne.

Nilipopanda na kumsimulia, Sabri alicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Nikamwambia, "Mwanangu, nimekaa kwenye nyumba ya watu, nimeegemea mto wao, nimekunywa juisi yao, na sikuona chochote cha kunionyesha kuwa si kwako." Akaacha kucheka. Akazitazama kuta zake kidogo, kisha akaishika simu.

Simlaumu sana, hakuoneshwa. Hamisi alimlea kwenye nyumba za kupanga, weupe mtupu. Lakini huwa najiuliza vijana hawa watakapozeeka watakaa wakumbuke nini. Ile ya Kariakoo ilivunjwa miaka mingi iliyopita, hata tofali lake sijui lilipo, na bado nikifumba macho naiona yote, mlango kwa mlango. Ya Sabri imesimama pale Upanga, mpya, ina lifti, na mimi shangazi yake nilipita chini yake nikaingia kwa jirani.