Samaki wa Buluu Niliyemletea Zuhura

Mwanangu, siku niliyomdanganya muuza samaki naikumbuka kuliko siku niliyotahiriwa, na ile nayo haikuwa siku ndogo.

Usicheke. Najua nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na ndevu zangu unaweza kuzihesabu zote ukingoja chai ipoe. Kukuita mwanangu ni ufedhuli. Lakini wewe uko gredi ya saba, na jana ulinishika mkono pale kibarazani kwenu ukanionyesha tangi la kioo alilokununulia babako, ukaniuliza utie samaki gani ndani yake. Ulidhani nitakufanyia mzaha kama kawaida yangu, ukashangaa nilipokwenda zangu bila neno. Basi kaa hapa nikujibu. Leo mimi ndiye mzee wako, na mzee akisema hakatizwi, hata kama bado anaamrishwa na mamake akanunue mkaa.

Uwongo wenyewe ulikuwa mfupi. Muuza samaki, Mohsinbhai, aliniuliza nyumbani kuna samaki gani, nikamwambia hakuna. Walikuwako saba.

Hao saba walikuwa wa dada yangu Zuhura, unayemjua. Mwezi wa Februari alirudi kwetu kutoka kwa mumewe, Nassor, kule Majengo. Hakuachwa, wala hakusema kilichomtoa. Alikuja nyuma ya mkokoteni; juu ya mkokoteni pana begi moja na tangi la kioo lisilo maji, na mkononi amebeba ndoo yenye samaki wake, anakwenda polepole ili wasitikisike. Hamali aliyeuvuta alinong'ona kwamba maisha yake yote hajapata kuona mke aliyetoka kwa mumewe akaacha dhahabu akachukua samaki. Nikacheka. Mama akanikata jicho.

Walikuwa samaki wadogo, urefu wa kidole, wenye mikia mipana inayopepea kama leso. Zuhura aliwapa majina ya shangazi zetu wanaosema sana: Bi Kidawa, Bi Arafa, na wengineo. Yeye mwenyewe siku zile hakuwa akisema. Ukimuuliza kitu, ni naam, au la, au nimeshiba. Alivaa mikono mirefu hata ndani ya nyumba, katika joto ambalo paka wote wa Mji wa Kale hulala chali kivulini. Hatukumuuliza kwa nini. Hilo ni kosa la nyumba nzima na sitaki kulibeba peke yangu. Leo nasema langu.

Sauti yake ilirudi kwa wale samaki. Asubuhi moja, nikivaa viatu vya shule, nikamsikia: "Bi Kidawa, umeamkaje? Mbona leo umenuna?" Mama alikuwa jikoni anakaanga mahamri. Akazima jiko kabisa ili asikie vizuri. Tukasimama sote wawili nyuma ya pazia kama wezi, tukimsikiliza Zuhura akisalimiana na samaki mmoja mmoja. Baadaye alianza kula chakula chake pale mbele ya tangi. Baadaye tena akaleta fomu ya chuo cha walimu wa chekechea, akaijaza nusu.

Lakini kila Ijumaa baada ya alasiri walikuja wazee wa Nassor. Watatu, kanzu zimepigwa pasi mpaka unaweza kujikata nazo. Wanakunywa kahawa ya Mama, wanasifu kaimati za Mama, kisha mkubwa wao, Mzee Haji, anakohoa na kuanza habari ya subira. Baba yetu alifariki zamani, kwa hivyo hapakuwa na mwanamume wa kuwajibu ila mimi, na mimi niliambiwa nipeleke vikombe na nifunge mdomo. Zuhura alikuwa akijibu kutoka chumbani jibu moja tu: "Waambieni bado nafikiri." Mama kila Ijumaa akitoa shukrani kwa lile neno "bado". Sisi tulichotaka ni kwamba Zuhura asirudi kule. Tulitaka afikiri mpaka chuo kifunguliwe.

Sasa mimi nikaona nina kazi yangu. Zuhura anasema, sawa, lakini hacheki. Nami mtu ambaye niliwahi kumchekesha mwalimu wa madrasa akiwa ameshika bakora, nitashindwa na dada yangu? Siku ya Jumatatu, nikitoka shule, nikapita kwa Mohsinbhai.

Duka lake unalijua, lile la nyuma ya Makadara, baina ya fundi wa saa na mama wa viazi karai. Mohsinbhai ana tabia yake: hakuuzii samaki mpaka akuhoji. Watu humcheka, wanasema anauza samaki kama anayeozesha binti. Nyumba ni kubwa kiasi gani? Nani yumo ndani? Wanakula mara ngapi? Hata uwe na haraka namna gani, atakuhoji.

Nilimwona samaki wa buluu, peke yake kwenye tangi, uso umekunjamana kama mwalimu wetu wa hesabu akisahihisha daftari langu. Nikasema, huyu! Huyu atamchekesha hata maiti.

"Nyumbani uko na samaki gani?" akaniuliza Mohsinbhai.

"Sina."

"Hata mmoja?"

"Hata dagaa."

"Tangi lako kubwa?"

"Mohsinbhai, marehemu babu yangu alikuwa akioga ndani yake."

Akanitazama juu ya miwani. "Mimi nauliza kwa sababu huyu sasa mtoto tu. Atakua, kama kiganja changu hivi. Kwao Ziwa Malawi kila mmoja ana jiwe lake, anapigana kwa ajili yake. Wewe ukimtia na samaki wanyonge, yeye atafanya nyumba nzima jiwe lake."

"Mimi nimekuja kununua samaki," nikamwambia, "sikuja kuposa."

Wateja wawili waliokuwa dukani wakaangua kicheko. Nami, mwanangu, mtu akicheka mimi husahau hata jina langu. Mohsinbhai akamtia samaki kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga kwa mpira, akanipa bila kunitazama.

Na Zuhura alicheka. Hilo lazima nikwambie, kwa sababu ndilo lililoniponza. Yule wa buluu alipotiwa tu majini alikimbilia kioo akampandishia Zuhura mdomo, kama anayemdai kodi ya nyumba. Zuhura akacheka mpaka akakaa chini. Mama alikuja kutoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni machozi yanamtoka, akanitazama kama mimi ndiye niliyejenga Ngome ya Yesu. Kwa siku ile moja nilikuwa mtu mkubwa sana katika nyumba yetu.

Jumanne Bi Arafa alikuwa na mkia uliochanika.

"Mbona Bi Arafa hana nusu ya mkia?" Zuhura akauliza.

"Amekwenda saluni," nikamjibu. "Wamemkata kupita kiasi."

Akacheka tena. Nikajiambia wanazoeana. Neno hilo "wanazoeana", mwanangu, ukilisikia likija mdomoni mwako, liteme.

Jumatano nilirudi kutoka shule mapema, Zuhura na Mama wamekwenda kuhani msiba. Nikakaa mbele ya tangi. Nikaona kwa macho yangu. Wale wadogo wote walikuwa wamejibana kwenye pembe moja ya juu, karibu na pampu ya hewa, na yule wa buluu anakwenda na kurudi katikati kama askari. Kila mmoja akithubutu kushuka kutafuta chakula, anafukuzwa na kuumwa. Maji yote yale, na wao saba wana nafasi ya kikombe cha chai. Nikajua. Pale pale nilijua. Wavu mdogo ulikuwa umening'inizwa ukutani, hatua mbili kutoka nilipokaa. Ndoo ilikuwa bafuni. Ni kazi ya dakika moja.

Sikumtoa. Nikimtoa, nitamwambia Zuhura nini? Itabidi niseme kwamba Mohsinbhai alinionya, na kwamba mimi nilitoa uwongo ili watu wawili nisiowajua wacheke. Nikaona heri ningoje, labda atatulia. Waliporudi, Zuhura akaniuliza samaki wameshindaje. Nikamwambia wameshinda vizuri, yule wa buluu anawasomesha hesabu. Alhamisi pia nikanyamaza.

Ijumaa asubuhi hakuwako hata mmoja aliyeogelea ila yule wa buluu. Wanne walikuwa wakielea. Wawili tulikuta vipande vyao tu. Bi Kidawa alikuwa ameruka nje ya tangi. Tulimpata sakafuni, nyuma ya mguu wa meza, amekauka, amegandwa na vumbi.

Zuhura alimwokota yeye kwanza. Akamweka juu ya kiganja, akampuliza vumbi. Hakulia. Laiti angelia au angenipiga kofi, ningejua la kufanya.

"Ulijua?" akaniuliza.

Nilitafuta mzaha. Nakwambia ukweli, hata wakati ule nilitafuta. Nikapekua kichwa chote kama anayetafuta ufunguo, sikukuta kitu.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatano."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa habari ambayo alikuwa nayo kitambo. "Hata kule," akasema, "majirani wote walikuwa wakijua. Na wote walikuwa watu wazuri, wacheshi."

Akafunga chumba chake.

Wazee wakaja baada ya alasiri, kama kawaida yao. Nikapeleka vikombe. Mzee Haji alipofika kwenye subira, na kabla Mama hajainuka kwenda kuchukua jibu, Zuhura akatoka mwenyewe, amevaa buibui, begi mkononi.

"Niko tayari," akasema. "Narudi."

Wazee wakamshukuru Mungu kwa sauti. Mama akamfuata ukumbini, akamshika begi, akasema chini kwa chini, "Zuhura, mamangu, nani amekutoa hapa? Chuo je? Si umesema bado wafikiri?"

"Nimekwisha kufikiri, Mama. Kule angalau namjua anayeuma."

Mimi nilikuwa nimesimama baina yao na mlango. Mama akanitazama, nami nikatazama vidole vyangu vya miguu. Tuktuk ilikuwa ikingoja mwisho wa kichochoro. Tangi aliliacha.

Jumamosi nilimrudisha yule wa buluu. Mohsinbhai hakunigombeza, aliniuliza walikuwa wangapi, nikamwambia saba, akavua miwani akaifuta kwa shati muda mrefu. Kisha akasema, "Huyu hana kosa. Yeye alikaa kama wanavyokaa kwao." Akamrudisha kwenye tangi lake, peke yake, na samaki akaendelea kununa kama kwamba hakupata kuondoka.

Miezi mitatu sasa. Zuhura hapokei simu yangu. Ya Mama hupokea, na ukisikiliza kwa pembeni utasikia yale yale: naam, la, tumeshiba.

Sasa nasaha yako, kwa sababu tangi lako bado tupu na wewe bado una nafasi.

Kabla hujatia samaki wa pili, muulizie kama anayekuja kuishi na mamako. Uliza atakuwa na ukubwa gani akikomaa, maana dukani wote ni watoto. Tazama mdomo wake, na umtazame mwenziwe: akiweza kuingia mdomoni, siku moja ataingia. Wenye mikia mirefu inayopepea usiwachanganye na wanaodonoa. Uliza kwao ni maji gani, kwa sababu kuna wanaopenda maji makali, yenye chokaa nyingi, na kuna wanaokufa humo. Wanaopenda kwenda kwa kundi, wachukue kundi. Anayetaka jiwe lake peke yake, mwache dukani, hata awe na rangi gani. Tangi lako ni dogo. Mnyonge hana pa kukimbilia humo. Na anayekuuzia akikuhoji, mjibu kweli, hata duka zima likikuona mjinga.

Ukikosea, na utakosea, basi keti mbele ya kioo wakati wa chakula utazame. Ukiona mkia umechanika, ukiona wamejibana pembeni, usiseme wanazoeana. Chukua wavu. Mtoe saa ile ile, kisha nenda ukaseme ulichofanya, upigwe kofi lako, umalize. Mimi kofi langu bado nalisubiri, na halitakuja.

Mungu akujaalie, mwanangu, mdomo wa kusema siku ya Jumatano, usingojee Ijumaa. Akulindie wadogo wako wote, wenye mapezi na wasio nayo. Na akupe watu watakaokuuliza wakikuona umevaa mikono mirefu wakati wa joto.

Najua utaniuliza Mama alinifanya nini. Ijumaa ile alimsindikiza Zuhura mpaka kwenye tuktuk, akarudi peke yake. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, nimeinamisha kichwa, nimejitayarisha. Akanipita, akaingia jikoni. Nikasikia akifunua sufuria, akaifunika tena. Kisha akasema, bila kutoka humo jikoni, na maneno yake yalikuwa haya, sikuongeza wala sikupunguza:

"Nimesharoweka mbaazi za watu watatu. Kesho utazila nami mpaka ziishe, na usinichekeshe."