Mafuta ya Mikono ya Kambo

Katika miezi yote ya mwanzo ya ndoa yangu, baba mkwe alisema nami kwa simu mara moja tu, na mara hiyo moja nilimwelewa vibaya.

Katika familia ya mume wangu, iliyotoka kaskazini ya Katanga, mkaza mwana na baba mkwe hawapigi soga. Heshima hiyo tunaiita buko. Akiingia, unainama, akisema, unaitikia, na kumwomba arudie alichosema ni kama kumwambia hajui kusema. Mimi nililelewa Sandoa, kwetu sote tuna mdomo, kwa hiyo kunyamaza kulinishinda kuliko kupika.

Siku hiyo mume wangu alikuwa ameenda zamu mgodini, akasahau simu yake mezani, nyumbani kwetu Dilala. Ikalia, nikaipokea. Baba mkwe alikuwa anapiga kutoka shambani, njia ya Kasaji, na mtandao ulikuwa mbovu.

"Mwana," akasema, "utume mafuta ya mikono ya kambo. Mbiyo. Mikono haipande tena, anashindwa kunyanyula ata kintu."

"Ndiyo, tata," nikaitikia, na simu ikakatika.

Huku kwetu kambo ni babu au bibi, na kule shambani nilimjua kambo mmoja tu: mama yake baba mkwe, mwenye mikono iliyopasuka kwa kulima maisha yake yote. Nilimhurumia kweli. Tena mafuta ni neno letu la kila kitu, ya kupikia, ya gari, ya kujipaka. Nikaenda sokoni nikanunua chupa kubwa ya gliserini na kopo la krimu nzito, nikampa dereva wa taxi-moto, pikipiki ya abiria, aliyekuwa anaelekea huko. Nilirudi nyumbani najisifu.

Mume wangu aliporudi nikamwambia baba yake aliomba mafuta ya kambo na nimekwisha kutuma.

"Ulituma ya namna gani?"

Nikamweleza. Akakaa chini, akacheka mpaka akashika mbavu. Nilikasirika, maana sikuona kichekesho ni nini. Ndipo akaniambia kambo ni trekta. Baba yake alilinunua alipoacha kazi ya kampuni, na kwa kuwa lilikuwa kuukuu kuliko watoto wake wote, walilipa cheo hicho. Mikono ni vyuma viwili vya nyuma vinavyonyanyua jembe.

Kicheko hakikudumu. Kaka yake mkubwa alikuwa amekwisha kupatana na wanunuzi wa mitraille, wale wa vyuma vya kuyeyusha. Jumamosi wangekuja na lori. Kambo akishindwa kunyanyua jembe, atauzwa, na mzee atahamia chumba cha nyuma kwa huyo kaka hapa mjini. Mzee mwenyewe alikuwa amekubali, kwa aibu.

"Papa atakufa mu ile chumba," mume wangu alisema.

Na krimu yangu ilikuwa imefika, lakini mzee hakupiga tena simu. Buko inafunga midomo pande zote mbili.

Mume wangu hakuweza kuomba ruhusa kazini, kwa hiyo nikabaki mimi. Usiku huo alinifundisha huku anakula. Gia za kambo na mikono yake vinakunywa katika tangi moja, akasema. Mafuta mepesi ya mashini za mgodini yataipandisha mikono lakini yatazila gia. Mazito mno yatalinda gia na mikono italala. Yatafutwe yale ya trekta, yanayofaa vyote viwili. Ya breki yasikaribie kabisa, maana yanatafuna mipira ya ndani.

Muuzaji wa mafuta mjini alinipokea vizuri, akanisukumia bidoni, dumu la njano.

"Mama, iyi njo banatia mu mashini ya mungodi. Inakimbia sana."

"Kambo wangu hakimbii," nikamjibu. "Anatembea."

Alinitazama kama mwenye homa, lakini baada ya kubishana akatoa ndani bidoni la mafuta ya trekta, kizibo chake hakijaguswa. Nililipakia nyuma ya pikipiki nikaenda nalo mwenyewe.

Baba mkwe aliliangalia bidoni, akaniangalia mimi, kisha akatazama barazani. Kambo wa kweli alikuwa amekaa pale, mikono inang'aa kwa gliserini, anaigeuza-geuza juani.

"Mwana," mzee akasema kwa sauti ya chini, "usimwambie kama niliomba ya trekta. Anasema kwa kila mutu, mu batoto na bajukuu bote, weye tu njo ulimuwaza."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia. Nilitaka kulia na kucheka pamoja, nikainama tu.

Tukaanza kazi. Aliwasha injini kwanza ili mafuta yapate moto yatoke vizuri, akaizima, akafungua kizibo cha chini. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa: maji ya mvua yalikuwa yanaingia kwenye mpira uliopasuka chini ya mti wa gia. Alikata kipande cha tyubu ya pikipiki akaufunga. Mimi niliosha chujio la mafuta kwa mazuti, yaani dizeli, mpaka wavu wake ukaonekana. Tukarudisha kila kitu, tukajaza taratibu, akapima kwa kijiti, akawasha.

Mikono haikupanda.

Mzee alishuka, akakaa kwenye gurudumu, akasema basi, lori lije. Nikasahau buko. Nikamwambia, "Tata, panda tena. Mwanao alisema mu tangi munabaki hewa, unapandisha na kushusha mpaka itoke." Alinikazia macho. Kisha akapanda, akavuta mti wa kupandisha mikono, akausukuma, akavuta, akasukuma. Mikono ikatetemeka. Ikapanda kidogo na jembe lake, ikashuka, halafu ikapanda mpaka juu ikakaa. Tukaongeza mafuta pale yalipopungua.

Lori lilipofika Jumamosi, jembe lilikuwa linaning'inia hewani na mzee yuko kwenye kiti. Shemeji, yule kaka mkubwa, alilizunguka trekta, akaomba jembe lishushwe, likashuka. Akaomba lipandishwe, likapanda. Wale wa mitraille walipewa maji ya kunywa, wakaondoka. Mzee akaingia shambani kulima.

Mwaka uliofuata, kabla ya mvua, simu ililia, na safari hii ilikuwa yangu.

"Mwana," akasema baba mkwe, "utume mafuta ya mikono."

"Ya kambo gani, tata?" Nilithubutu kuuliza.

Nikasikia injini inanguruma nyuma yake.

"Ya bakambo bote babiri."