Gari Lililomjua Gervas Peke Yake

Kuna watu husifiwa hadi wakaharibika, na Gervas Komba ni mmoja wao. Nasema hivyo kwa upendo. Miaka minne tumekaa viti vya mbele vya gari moja, yeye akiendesha, mimi nikihesabu mashuka, na hapa Dubai hakuna mtu ninayemjua kumzidi. Ni Mmatengo wa Mbinga, mwenye miaka arobaini na sita, mrefu, mpole, na mbishi wa ule ubishi wa kutabasamu huku mtu hakubali. Mimi ni Damaris wa Kitale, na mdomo wangu unajulikana. Siku ya kwanza alikicheka Kiswahili changu, nami nikaucheka mwendo wake wa pole pole. Tukawa ndugu.

Kampuni yetu hufua mashuka na taulo za hoteli ndogo ndogo za Al Rigga. Mashine ziko Al Qusais, nyuma ya maghala, na sisi wafanyakazi tunalala jengo la pili kutoka hapo. Asubuhi tunapeleka masafi, mchana tunarudi na machafu. Gervas akiamka na kufungua pazia la chumba chake, kitu cha kwanza anachokiona ni lile gari.

Ni gari jeupe la dizeli, lenye umri wa miaka ishirini na ushee. Arbab wetu, yaani bosi, mzee Mohdhar, alianza nalo biashara na hataki kusikia habari ya kuliuza. Mama yake alizaliwa Unguja, kwa hiyo hutusemesha Kiswahili kitamu kutushinda.

"Hii gari ina baraka," husema.

Baraka gani! Gari lile lilikuwa na magonjwa mawili. Asubuhi liligoma kuwaka, na likishawaka, likifika kwenye mwinuko wa daraja lilikosa nguvu hadi mabasi yakatupigia honi. Hilo la kwanza. La pili lilikuja na joto: mchana ukizungusha ufunguo ulisikia "tak" moja tu; stata, ile mota ya kuwashia injini, haizunguki. Madereva wawili walilishindwa wakahamishwa. Arbab alinunua betri mpya, kisha akanunua nyingine, na jibu likawa tak ileile.

Ndipo akaja Gervas, na gari likawaka. Kila asubuhi alifungua boneti, akasema anakagua maji, akakaa huko dakika mbili, akafunga, akawasha. Hashir, yule Mpakistani wa kupiga pasi ambaye naye ana leseni, alijaribu mara tatu akashindwa. Tangu hapo akawa anamwita Gervas ustadhi. Watu wakasema gari lile linamjua mtu wake.

Mimi peke yangu nilijua ukweli, kwa sababu nilikuwa naye njiani. Zile dakika mbili za kukagua maji alikuwa akibonyeza kwa kidole gumba kipampu kidogo kilicho juu ya filta ya dizeli, mara thelathini, mpaka kikawa kigumu. Na mchana, nyuma ya hoteli, alijilaza chini akidai anatazama tairi, akaigonga stata kwa spana, ko, ko, akainuka na kuwasha. Aliniapisha nisimwambie mtu.

"Dada Damaris, siri ya kazi haigawiwi," alisema.

Sikumlaumu. Kazi yake ya kwanza hapa Dubai ilikuwa ghalani, kwa tajiri mwingine, na alimfundisha mgeni mmoja kila alichokijua. Mwezi uliofuata mgeni akabaki, Gervas akaambiwa khalas, kazi imekwisha. Ukiwauliza watu wa kwetu hapa, wengi watakupa kisa kama hicho. Ndiyo maana kila mtu ana kitu kidogo alichokificha ili asije akatupwa: mmoja anajua namba ya kufungulia mashine, mwingine anajua madam gani wa hoteli anataka taulo zikunjwe vipi. Hata mimi ninacho changu, na sikitaji.

Nilidhani ni ujanja mtupu, mpaka ilipofika likizo.

Mkataba wetu unampa mtu likizo kila baada ya miaka miwili. Gervas alipojaza fomu mara ya kwanza, arbab alicheka, akampiga piga begani. "Mwanangu, ukenda wewe, hii gari atawasha nani? Ngoja kidogo, inshallah." Fomu ikaingia kwenye droo. Alipojaza ya pili, akaambiwa maneno yaleyale kwa cheko lilelile. Gervas alitoka ofisini akitabasamu, ameshasifiwa, na machozi yanamlenga. Nilitamani kumzaba kofi.

Mama yake hakuwa na mambo mengi. Kila Jumapili alimuuliza kwa simu, "Unakuja lini?" Naye kila Jumapili alijibu, "Gari linasumbua, mama, haliwaki. Likipona nakuja." Bibi wa watu kule Mbinga akaanza kuliulizia gari kama mgonjwa. "Gari hajambo leo?"

Mwaka jana bibi akaanza kusahau. Alisahau njia ya kanisani, kisha majina ya wajukuu. Juni mwaka huu tulikuwa tumekwama kwenye foleni ya Al Rigga, kiyoyozi kinapuliza hewa ya tanuri, simu ikalia. Alikuwa dada yake. Gervas akaiweka kwenye spika kwa sababu mikono ilikuwa kwenye usukani.

"Kaka, jana mama ameniuliza mimi ni nani," dada akasema. "Wewe bado anakutaja. Usipokuja sasa hivi, utamkuta mtu asiyekujua."

Dada alikata simu. Hatukusogea, mbele magari, nyuma magari. Gervas alishika usukani kwa mikono miwili, akasema, "Nimefungwa, Damaris. Mimi nimefungwa."

Hasira ilinipanda. Nadhani ilikuwa huruma, lakini kwangu huruma hutoka na ukali. "Umefungwa na nani, bro? Si mlango umefunga mwenyewe, na ufunguo uko kwa mfuko yako? Tengeneza hii gari iwake kwa kila mtu, uone kama atakukatalia."

"Nikilitengeneza nitakuwa dereva kama dereva mwingine yeyote. Anaweza kuniambia nisirudi."

"Anaweza," nikasema. Sikutaka kumdanganya. "Lakini mficha uchi hazai, na nyinyi Watanzania ndio mlitufunza hiyo methali."

Hakucheka. Aliendesha tu mpaka Al Qusais. Na mimi niliogopa pia. Akiondoka yeye, ni nani nitakayebaki kumkaripia?

Jumapili gari hupumzika kuanzia saa sita mchana. Wiki ileile Gervas aliazima mita ya umeme kwa Rafiq, fundi wetu wa mashine, tukatoka uani. Jua lilikuwa la kukausha mashuka kabla hujayatundika. Tukasubiri gari lipate joto, tukalizima, nikazungusha ufunguo. Tak.

Akaipima betri: nzima kabisa. Akasimama akiwaza, kisha akaweka waya mmoja wa mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, na wa pili kwenye chuma cha injini chenyewe.

"Washa."

Tak. Akakunja uso. "Hapa mita haikutakiwa kusoma kitu. Imesoma volti nne. Umeme unapotea njiani, dada, haufiki."

Alichofanya baada ya hapo hata mtoto angeweza kukifanya, na ndicho kilichotuumiza. Alichukua waya mnene, ule wa kuazimia chaji gari jingine, akaunganisha kichwa kilekile cha betri na injini moja kwa moja. Nikazungusha ufunguo, na stata ikazunguka kwa nguvu ambayo sijawahi kuisikia kwenye gari lile. Nilipiga kelele. Yeye hakupiga. Alijilaza chini, nikamsikia anahangaika na bolti, akatoka na waya wa eathi mkononi, ule unaorudisha umeme kwenye betri. Ulifungwa kwenye bolti moja na stata. Kichwa chake kilikuwa kimeliwa na kutu ya kijani, kwa miaka yote ya maji ya taulo kuvuja kutoka nyuma.

"Stata haikuwa na kosa," akasema. "Kila nilipoigonga, nilikuwa natikisa bolti hii, waya ukashika kwa muda. Miaka minne nimelipiga. Sikuwahi kuliuliza linaumwa nini."

Ukabaki ule ugonjwa wa asubuhi, wa dizeli. Alikata kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, kutoka kwenye masalia ya ile mipira ya kupitishia sabuni mashineni, akakiunga kabla ya filta, akaniita nitazame. Injini ikinguruma, dizeli ilipita, na ndani yake viputo, mfululizo. Gari lilikuwa linavuta hewa. Akaufuata mpira nyuma hadi kwenye tangi, kidole kwa kidole. Karibu na klipu ulikuwa umepasuka, ufa wa ukubwa wa ukucha. Kwa sababu ya ufa ule dizeli ilirudi tangini usiku kucha, na hapo hapo ndipo hewa ilipoingia tukipanda daraja.

Akausugua waya, akaukata mpira pale penye ufa, akavifunga upya. Waya mmoja na mpira mmoja. Alikaa chini kivulini mwa gari, mikono myeusi, akalia wazi wazi, nami nikakaa karibu yake nikanyamaza. Hilo kwangu si jambo dogo.

Jumatatu, wakati wa joto, Hashir aliitwa ajaribu. Alisoma dua yake, akazungusha ufunguo, gari likawaka. Akalizima, akaliwasha tena, akatutazama kama ameonewa miaka yote hiyo. Jumanne alilipeleka darajani na mzigo kamili na hakupigiwa honi na mtu.

Arbab alitoka ofisini kushuhudia. Alicheka kwa furaha ya kweli, akamkumbatia Gervas, akarudi ndani. Alipotoka tena alikuwa na fomu, imesainiwa.

"Haya, mwanangu, nenda kamwone mama. Hashir atashika usukani." Akamkabidhi fomu. "Wala usiwe na haraka ya kurudi. Gari sasa inawaka kwa kila mtu."

Labda hakuwa na maana mbaya. Lakini mimi na Gervas tulitazamana, sote tukiikumbuka ile khalas ya ghalani.

"Mpigie mama," nikamwambia. "Mpigie sasa hivi."

Alipiga kwa video, palepale uani. Dada yake alipokea, akamwelekezea mama simu. Nikamwona bibi mdogo, kitenge kichwani, anatazama kioo kwa adabu, kama mtu anayetazama mgeni mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ni nani?"

Gervas akaisogeza simu karibu na uso wake. Nyuma yetu Hashir aliliwasha gari tena, kwa raha zake tu, na bibi akageuza sikio.

"Hilo ni gari?"

"Ndiyo, mama. Ni gari."

"Wewe ni fundi?" Uso wake ukachangamka. "Nina mwanangu huko, anaitwa Gervas. Hajaja kwa sababu gari lake haliwaki. Ni miaka sasa. Kama wewe ni fundi, tafadhali baba, nenda kamtengenezee."

Gervas alimpa Hashir ishara asizime.

"Limeshapona, mama," akasema. "Nimelitengeneza mimi."

"Mungu akubariki," bibi akasema. "Basi mwambie aje."